Makapi ya Mama Frida

Simbo, Kigoma
9 Februari 2025

Mwanangu Frida,

Kabla hujasoma, papasa kwanza. Papasa vizuri, halafu wape na wenzako hapo chuoni wapapase. Hiyo ni karatasi, na haikutoka dukani. Nimeitengeneza mimi mama yako, Leonia wa darasa la saba, kwa makapi yaliyotoka kwenye mashine ya kukamulia mawese ya baba yako. Ni yale yale tuliyokuwa tunawashia moto, na yaliyobaki yanaozea nyuma ya nyumba mpaka nzi wanahamia. Uliniambia nikishapata karatasi ya kwanza niandike juu yake, uone kama wino unasambaa. Basi ona. Penye madoa ya mafuta unasambaa kidogo. Penginepo umetulia kama ziwa asubuhi.

Hapa tu wazima. Michikichi mwaka huu imezaa mikungu kama inashindana. Baba yako anakamua toka alfajiri, makapi hayana pa kukaa. Ile kostiki uliyoituma, dawa nyeupe ya kulainishia makapi, niliipika kama ulivyoelekeza. Ni kali. Nakuambia tu kwamba ni kali.

Usinipigie simu. Yangu iliponyoka nikiosha makapi ikaingia kwenye pipa la maji, na fundi wa Gungu amesema hiyo imekufa. Ya baba yako ipo, lakini baba yako unamjua. Akipokea anasema "tupo salama" anakata, kana kwamba maneno yana ushuru. Basi tutaandikiana. Barua nampa wakala wa basi pale stendi, ikifika Morogoro unaichukua. Tena ni vizuri, karatasi itapimwa kwa safari.

Kwenye jumuiya nilishawatangazia wote, mwezi uliopita. Nikawaambia mwezi wa tano wakubwa wa chuo wanakuja hapa Simbo kuona kazi ya Frida wangu, na wakiridhika wataleta mapipa ya kupikia na mashine ya kutwangia, iwe mali ya kikundi chetu cha akina mama. Mke wa Castory akasema, "Mama Frida, makapi ni makapi." Nikamwambia, "Ndiyo, mama, na wewe endelea kuyawashia moto, tutakuja kukuandikia barua." Watu walicheka mpaka katekista akagonga meza.

Karatasi ulizotaka kabla ya Pasaka utazipata. Nisipokuletea usiniite mama.

Mimi mama yako,
Leonia


Morogoro
20 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Karatasi imefika, na nilifanya ulivyosema, niliipitisha darasa zima. Mwalimu Thobias aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaikunja na kuikunjua. Kisha akauliza, "Huyu mama yako alisomea wapi?" Nikamwambia Simbo. Akasema nyuzi zimelala vizuri, tatizo ni mafuta tu. Makapi yaoshwe tena kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kupikwa, na mikungu mitupu ichanganywe humo, maana yenyewe haina mafuta mengi.

Mama, sasa niseme lililo moyoni. Nilimpigia baba nikamwomba akupe simu. Akasema umelala. Mama, wewe kulala saa tano asubuhi? Siku nyingine nikapiga tena akasema uko shambani, na mimi nasikia mtu anakohoa hapo hapo karibu yake. Kikohozi chako nakijua.

Najua nimekukosea. Krismasi sikuja. Nilisema nina kazi ya maabara na ni kweli nilikuwa nayo, lakini wenzangu wengine walikwenda kwao, hata mimi ningeweza kuja kwa siku chache. Uliniambia umenichinjia kuku, nikakujibu "mle tu". Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Ikiwa ndilo linalokufanya usitake kusikia sauti yangu, nigombeze. Nimezoea kugombezwa na wewe, sijazoea hiki kimya.

Binti yako,
Frida


Simbo
2 Machi 2025

Mwanangu Frida,

Nani kakuambia nimekukasirikia? Kuku tulimla, na paja lako alikula jirani yetu mama Arakaza akalisifu. Mambo yakaisha siku ile ile. Mimi nikikukasirikia utajua, na majirani watajua, na watu wa Bangwe huko ziwani watasikia.

Ni kazi tu. Mtu akiwa mtengeneza karatasi hakai bure. Asubuhi naosha, mchana natwanga, jioni nachuja kwenye ule wavu wa dirisha uliouwekea fremu. Karatasi zinakauka juu ya mabati, na watu wakipita njiani wanasimama. Mama Arakaza ananisaidia kutwanga, na kusema kweli mtwango wa Warundi ni mwingine. Mimi nikitwanga nasikika nyumba tatu, yeye anatwanga kama anabembeleza mtoto, na uji wa makapi unatoka laini.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Kwaya nimewaachia vijana waongoze, nimeongoza vya kutosha. Mwili nimepungua kidogo, gauni la kitenge la harusi ya mdogo wangu sasa linafungika vizuri, nilikuwa nimeshalikatia tamaa. Nakunywa uji zaidi. Uji ni mzuri kwa watu wa umri wangu.

Baba yako anakusalimu. Hivi sasa yuko hapa mezani ananitazama ninavyoandika. Nimemsukumia kalamu aongeze neno, ameirudisha.

Wewe soma. Ukisimama mbele ya wakubwa wale mwezi wa tano, mimi nitakuwa mbele kabisa, na hakuna atakayetoka Simbo bila kujua wewe ni wa nani.

Mama yako,
Leonia


Simbo
9 Machi 2025

Kwa Frida, mwana wa Leonia,

Amahoro, amani kwako. Ni mimi Gloriose, mama Arakaza, jirani yenu. Kiswahili cha kuandika nilikipatia kambi ya wakimbizi, utanivumilia kinapopinda. Mama yako hajui kama naandika. Barua yako alinipa niisome, na ya kukujibu pia alinisomesha, kwa sababu ananionyesha kila kitu. Nikarudi nyumbani sikuweza kula.

Mwanangu, mama yako hana kinyongo na wewe. Hasemi kwa sababu hawezi kusema.

Siku ya kwanza ya kupika kwa kostiki nilikuwepo. Tulitia maji, tukatia kostiki kwa kipimo chako. Glavu tulivaa. Fimbo ndefu ya kukorogea tulikuwa nayo, na maji baridi yalikuwa pembeni. Kisha akataka kujua kama imekolea. Wewe unajua tunavyopika sabuni ya mawese. Unachoma mikungu, majivu unayachuja kwa maji, halafu unaonja. Maji yakiuma ulimi, yamekolea. Bibi yako, mama wa Leonia, alionja hivyo, na mama yangu kule Makamba, Burundi, alionja hivyo. Mama yako akaniambia, "Mama Arakaza, kipimo cha kuandikwa ni kizuri, lakini ulimi ndio mkubwa wake." Akachota kwa kijiko, akapuliza, akatia mdomoni.

Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono nipokee kijiko nionje na mimi. Yeye alitangulia tu.

Hakupiga kelele. Alianguka akishika shingo. Tulimpandisha bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, mpaka hospitali mjini. Alilazwa huko, ngozi ya mdomoni ikabambuka yote. Sasa anapitisha uji mwepesi na maziwa, kidogo kidogo. Akisema inatoka pumzi tu. Daktari amesema koo linaweza kupanuka kwa dawa na kwa kulivuta, kula atakula, lakini sauti ile ya zamani tusiingoje.

Simu yake haikuingia kwenye pipa. Iko kabatini, imezimwa. Jioni anaiwasha, anasoma jumbe zako za zamani, anaizima.

Alituandikia kwenye karatasi mimi na baba yako kwamba atakayekuambia kabla ya mwezi wa tano, huyo si mtu wake tena. Mimi nimemaliza miaka mingi hapa nikiwa mtu wake. Lakini nina binti na mimi. Arakaza angefichwa hivi asingenisamehe.

Imana, Mungu wetu, akulinde.
Gloriose


Morogoro
17 Machi 2025

Mama,

Nimeipata barua ya mama Arakaza. Usimlaumu.

Maelekezo yale nimeyatoa tena nimeyasoma. Niliandika glavu. Niliandika kostiki itiwe kwenye maji, maji yasimwagwe juu ya kostiki. Niliandika watoto wakae mbali, mlango uwe wazi. Sikuandika usionje. Mwalimu Thobias aliyapitia hakuona kilichopungua, kwa kuwa kwao hakuna mtu anayeonja. Lakini mimi, mama? Nimekuona ukionja toka nina akili. Nimekuona ukionja nikiwa nimebebwa mgongoni kwako. Na mimi ndiye niliyekuambia acha majivu, majivu yanachelewesha, tumia hii nyeupe ya dukani.

Nimemwandikia mwalimu kwamba naacha. Wakubwa wasije Simbo. Sitaki mashine, sitaki cheti cha kitu hiki. Zile karatasi ulizotuma zimejaa kwenye sanduku chini ya kitanda na siwezi kuzitazama. Nikiishika moja nafikiria ilipita wapi.

Mtihani ukiisha nakuja nyumbani kukutunza. Nitakuwa nakupikia huo uji.

Nisamehe.
Frida


Simbo
26 Machi 2025

Frida,

Kaa chini usome polepole, maana hapa ningekuwa na sauti yangu ungeisikia bila simu.

Kwanza, Gloriose. Nilimnunia siku nzima. Lakini kumnunia mtu wakati huwezi kusema ni kazi bure, hakujua kama nimenuna. Jioni akaja na maziwa kama kawaida, akakaa. Nikaona nitamaliza nguvu zangu. Yamekwisha.

Pili, wewe. Nani alikufundisha kujibebesha makosa ya watu wazima? Nilionja mimi. Mkono ulikuwa wangu na kijiko kilikuwa changu. Kipimo chako kilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyetaka kukisahihisha, kwa kuwa nilijiona najua kupita kipimo. Na kwa kawaida najua. Siku hiyo sikujua.

Unasema utakuja kunipikia uji. Uji naupika mwenyewe. Baba yako naye amejifunza kuupika, unatoka na madonge lakini haungui. Baba yako huyo, Frida, miaka yote hakupata nafasi ya kuongea ndani ya nyumba hii. Sasa ameachiwa uwanja mzima na hana la kusema. Tunakaa hapo tunasikilizana tukipumua. Juzi kaanza kunisomea majina ya vituo vya redio ili pasiwe kimya. Nimecheka mpaka koo likauma.

Nitakuambia kinachoniuma, kwa sababu umeshajua mengine. Maumivu yenyewe yamepungua. Kinachoniuma ni kwamba juzi mke wa Castory alipita hapa njiani, karatasi zimejaa juu ya bati, akasema, "Mwakeye, mama Frida. Vipi hayo makapi?" Hakusema kwa ubaya, mwenzangu yule tunataniana tu. Na jibu nilikuwa nalo, zuri, la kumfikisha nyumbani kwake akilitafakari. Likanifia kooni. Nikapunga mkono kama mtu anayefukuza kuku. Alipoona sijibu macho yake yakabadilika, akaanza kunihurumia. Hapo ndipo nilipoingia ndani nikalala.

Mimi nilizaliwa na mdomo. Shamba hili ni la ukoo wa baba yako, na mashine ni yake. Changu kilikuwa mdomo na wewe. Mdomo umekwenda. Sasa na wewe unataka kwenda, unaniandikia kwamba unaacha. Ukiacha, koo langu litakuwa limeungua bure, na nitakuwa nimebaki na nini cha kuwaonyesha watu? Madonge ya baba yako?

Mwambie huyo mwalimu umerudi. Na usimfiche kilichonipata. Mwambie yote, maana kuna wanawake wengine wanapika sabuni nchi hii, nao wana ndimi.

Mama yako,
Leonia


Morogoro
23 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na sikukuu. Nilikaa na barua yako muda mrefu kabla ya kujibu.

Nilikwenda kwa mwalimu Thobias nikamwambia yote. Alichukua maelekezo akayachana mbele yangu, akasema tuyaandike upya wote wawili. Sasa mstari wa kwanza kabisa unasema: usionje. Tumeuandika kwa herufi kubwa, na chini yake kwa Kiha na Kirundi. Mama Arakaza alinisaidia kwa ujumbe wa simu.

Kostiki kwa sasa imewekwa kando mpaka patakapokuwa na chumba chake na mtu aliyefundishwa kuishika. Tumejaribu kwa maji ya majivu ya mikungu. Sitakudanganya, karatasi haikutoka nzuri kama ile yako. Ni nzito, ina rangi ya udongo, na inapikwa karibu siku nzima, kuni zinakwisha. Mwalimu anasema ya kuandikia bado, ila kwa majalada na maboksi inafaa. Kwenye kikao cha chuo niliwaeleza wakubwa yote, na kilichokupata pia, na wawili walitikisa vichwa. Mmoja akauliza kwa nini chuo kiende mpaka Kigoma kwa ajili ya karatasi ya kufungia sabuni. Nilisimama nikajibu. Nilitetemeka, lakini nilijibu. Wameamua kuja, tarehe 14 Mei, waone kwanza ndipo waseme kuhusu mapipa na mashine. Kwa hiyo bado hatujapata kitu, mama.

Wanataka mwenyekiti wa kikundi aeleze kazi. Nimewakumbusha mwenyekiti hana sauti. Mwalimu amesema basi niseme mimi. Kazi nitaieleza. Lakini anataka niseme na habari zangu, nimetoka wapi, nimefanya nini, na hapo sijui pa kuanzia. Unajua sipendi kujisifu. Naona nitaomba mama Arakaza aseme.

Kila jioni nitakupigia simu. Na wewe washa. Mimi nitaongea, wewe sikiliza tu. Ukichoka, kata kama baba.

Binti yako,
Frida


Simbo
3 Mei 2025

Mwanangu Frida,

Simu zako za jioni nazisikia zote. Jana ulipoimba ule wimbo wa kwaya ulikosea ubeti wa pili, na mimi ninao, nikakaa nao hapa kama mtu mwenye kokoto mdomoni.

Kuhusu tarehe 14, Gloriose hapana. Gloriose akisimama mbele ya watu wanne analia. Mke wa Castory amejitolea aseme, nimemkatalia kwa mikono miwili. Utasema wewe, lakini utasema maneno yangu. Nimeyaandika hapa chini, kwenye hii karatasi nzito ya majivu uliyotuma. Inashika wino kuliko mwalimu wako anavyodhani, mwambie.

Yasome kama yalivyo. Nakujua, ukifika penye sifa unashusha sauti kama mtu anayeomba msamaha. Usishushe. Usiruke mstari. Usiseme "mama ametia chumvi". Chumvi ni yangu, nimeitia kwa kupenda. Mimi nitakaa mbele kabisa na nitakuwa nafuatisha, maana nimeyakariri, na ukipunguza hata neno moja nitajua.

Haya, soma:

"Wageni wetu kutoka chuoni, majirani, na wewe mke wa Castory. Mimi ni Leonia, mwenyekiti wa kikundi hiki. Ninawasemesha kwa mdomo wa kuazima kwa sababu wangu uliungua. Nilionja maji ya kostiki. Msiyaonje. Hilo limekwisha, sasa nakuja kwenye habari yenyewe.

"Mnayaona makapi yale. Tumezaliwa tumeyakuta, tunayakanyaga, yananuka, na hakuna mtu katika Simbo nzima aliyesimama akayatazama. Mmoja alisimama. Alikuwa binti, amemaliza kidato cha sita, amevaa ndala zangu. Akachukua makapi akayavuta kwa vidole, akasema, 'Mama, hizi ni nyuzi.' Mimi nikamwambia akaoge. Ndiye huyu anayewasomea. Amesoma kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, upande wa baba yake na upande wangu. Jambo hili lilipotuletea msiba hakulificha, alilisema mbele ya wakubwa akitetemeka, na walipomdharau akajibu. Karatasi hii bado ni mbaya kidogo. Itakuwa nzuri, kwa sababu yeye haachi.

"Mtamwona anaona haya kusoma maneno haya. Msimhurumie. Mtazameni vizuri, muende mkasimulie mlikotoka. Anaitwa Frida, na ni mimi niliyemzaa."

Hapo usikimbilie kukaa. Nyamaza, waache wakutazame. Ukiniona nimesimama, ujue ndipo nami nasema.

Mama yako,
Leonia